Jinsi ya kurudia magemu ya zamani ya kuruka-ruka bila kuyatupa siku ya pili

Kuna kitu nimekiona kwa watu wengi sana, na kwangu pia kabla sijabadilisha namna ya kucheza. Mtu anachukua mkusanyiko wa magemu ya zamani, sita au nane au kumi ndani ya kifurushi kimoja, anafungua la kwanza anacheza dakika kumi anakufa mara tano sehemu ileile, anafungua la pili mambo ni hayohayo, la tatu, mwisho anazima anasema aah haya magemu yamezeeka bwana, tuliyapenda kwa vile tulikuwa watoto. Hapo mimi nakataa kabisa. Mara nyingi gemu halina kosa, kosa liko kwenye setingi za TV, na kama siyo TV basi ni jinsi mtu anavyoitumia ile batani ya kurudisha gemu nyuma sekunde kadhaa. Ukirekebisha hayo mawili gemu la 1985 linakushika mpaka unasahau muda.

Kwanza, chagua gemu moja tu. Najua mkono unawasha, menyu imejaa makava ya zamani na kila moja linakuita, ila chagua moja ukae nalo wiki nzima, maana haya magemu yalitengenezwa yarudiwe. Mengi ukiyajua unayamaliza chini ya saa moja, huo urefu mwingine wote ni wewe kujifunza, kwa hiyo ukigusagusa kila moja dakika kumi hujacheza hata moja.

Na usifuate mpangilio wa menyu. Kwenye Mega Man Legacy Collection ya 2015, ambayo ina la 1 mpaka la 6, mimi namwambia mtu aanze na Mega Man 2 la 1988, la kwanza atarudi kulionja baadaye. Toleo lililotoka nje ya Japani linakuuliza Normal au Difficult, na wengi kwa kiburi wanabonyeza Difficult bila kujua kwamba hiyo ndo gemu la Kijapani lenyewe kama lilivyotoka, Normal iliongezwa kwa ajili ya wachezaji wa nje na silaha zako humo zinawaumiza mabosi, wale maadui wakubwa wa mwisho wa steji, maradufu. Mara ya kwanza chukua Normal, hakuna aibu yoyote.

Super Mario All-Stars ya 1993 ndo ina mtego mkubwa zaidi. Ndani kuna Super Mario Bros., The Lost Levels, Super Mario Bros. 2 na 3. Mtu anamaliza la kwanza anaingia The Lost Levels maana ndo linalofuata, anakutana na uyoga wa sumu na upepo unaomsukuma hewani na majukwaa ya tofali moja, anadhani mikono yake imeharibika. Kumbe hilo ndo lilikuwa muendelezo wa Kijapani wa 1986, Nintendo wakaona ni gumu mno kwa Marekani, wakachukua gemu lingine la Kijapani la 1987 linaitwa Doki Doki Panic wakabadilisha wahusika wakalitoa 1988 kama Super Mario Bros. 2. Lost Levels ni la mtu ambaye la kwanza ameshalimaliza bila kuruka steji, iache mwisho kabisa. Cheza la kwanza, nenda la 3, ndo urudi la 2.

Kwenye Sonic Origins ya 2022 mimi ningeanza na Sonic 2. Sonic 1 linakufungulia Green Hill unakimbia unafurahi, alafu linakutupa Marble Zone ambako unasukuma maboksi na kusubiri juu ya lava, na watu wengi wanaliacha hapohapo. Ghosts 'n Goblins nalo popote utakapolikuta liache kwanza, ukigongwa mara mbili umekufa na ukilimaliza linakuambia ulirudie lote tena ndo uone mwisho wa kweli. Nalipenda ila siyo la kuanzia.

Haya, sasa setingi, na hapa naomba usiruke maana hapa ndo watu wanapopotelea.

Kabla hujagusa chochote kwenye gemu nenda kwenye menyu ya TV yenyewe tafuta modi ya gemu, washa. TV za saivi zinapokea picha zinaanza kuiremba, zinalainisha, zinaongeza rangi, na hayo yote yanakula muda kabla hujaona kitu, wakati zile TV za kioo za zamani zilikuwa zinaonyesha picha karibu papo hapo na magemu haya yalipimwa juu yake. Tuhesabu kidogo. Gemu la fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, kila fremu ni kama milisekunde 16.7. TV ikichelewesha milisekunde 100, hizo ni fremu 6. Mario kwenye gemu la kwanza akikimbia spidi ya mwisho anaenda pikseli (vile vidoti vya picha) mbili na nusu kila fremu, kwa hiyo fremu 6 ni pikseli 15, na tofali moja lina pikseli 16. Yaani unapobonyeza kuruka ukiona bado uko ukingoni, Mario wa kweli ameshasogea karibu tofali zima mbele yako. Ameshaingia shimoni na wewe unajilaumu mikono mizito. Nimeshuhudia mtu aliyeapa kwamba hawezi tena haya magemu, tukawasha modi ya gemu kwenye TV yake, akavuka ileile sehemu jaribio la pili.

Kama padi yako ya waya ipo jaribu pia nayo, uone tofauti. Na tumia vile vishale vya mwelekeo badala ya kile kijiti cha gumba. Mega Man na Castlevania zinajua kushoto, kulia, juu, chini basi, kijiti ukikipinda kidogo unajikuta unapanda ngazi ambayo hukutaka kuipanda.

Kingine ni toleo la gemu. Zamani konsoli za sehemu kubwa ya Ulaya zilikuwa zinaenda Hz 50, yaani picha 50 kwa sekunde, za Japani na Marekani Hz 60, na magemu mengi hayakurekebishwa vizuri, kwa hiyo la Hz 50 linakwenda taratibu kama asilimia 17 na muziki wake unaburuta. Mkusanyiko ukikupa nafasi ya kuchagua nchi, chukua la Hz 60. Na wakati mwingine toleo la Kijapani ni gemu tofauti kabisa, mfano mzuri ni Castlevania III kwenye Castlevania Anniversary Collection ya 2019. La Kijapani la 1989 lilikuwa na chipu ya ziada ya sauti ndani ya kaseti, muziki wake ni mnene kuliko ule tuliosikia kwenye la Marekani, na pia ni jepesi kidogo, yule mwenzako Grant anarusha visu tangu mwanzo. Kusoma Kijapani huhitaji, hadithi ni ileile unaenda kumuua Dracula. Sikiliza steji ya kwanza tu kwenye matoleo yote mawili utanielewa.

Picha: achana na kile kipimo cha kujaza skrini nzima. Kinamnenepesha kila mtu, na kibaya zaidi kinaharibu makadirio ya jicho, shimo linaonekana pana kuliko lilivyo. Weka 4:3, umbo la TV za zamani, au ile inayoitwa pikseli kamili, hiyo mipaka myeusi pembeni utaisahau baada ya dakika mbili. Mistari ya kuigiza TV ya zamani ni hiari yako, mimi naiwasha kwa magemu ya NES, ile konsoli ya zamani ya Nintendo, kwa sababu michoro yake ilichorwa ikitegemea ule ukungu kidogo, bila mistari naona vibox tu. Ukiona maadui wanapepesa wakiwa wengi usidhani faili limeharibika, NES ilikuwa inaweza kuchora vitu 8 tu kwenye mstari mmoja wa skrini, vikizidi inabidi vipokezane.

Baada ya hapo bado usianze kupambana. Kaa kwenye skrini ya kwanza dakika kumi ujifunze kuruka tu, mimi nafanya hivyo kila gemu. Kila gemu lina kuruka kwake na ukibeba kuruka kwa gemu moja ukaenda nako kwenye lingine utakufa tu. Mario, ukishikilia batani anaenda juu zaidi, ukigusa tu anaruka kidogo, na akiwa anakimbia anaruka juu kuliko akiwa amesimama, na akitua anateleza. Mega Man ni tofauti, ukiachia batani anaanza kushuka hapohapo, ukiacha mwelekeo anasimama, hana mteleze wa kusumbua. Simon, yule shujaa wa Castlevania ya kwanza, ukiruka umeshasaini, hewani hakuna kugeuka, utatua pale ulipokusudia au hutatua kabisa, na ukigongwa anarushwa nyuma, mara nyingi shimoni. Sonic anahitaji mbio ndo aruke mbali. Na DuckTales ya 1989, ipo kwenye The Disney Afternoon Collection ya 2017, yule bata mzee Scrooge unayemchezesha anadundia fimbo yake ila lazima ubonyeze chini pamoja na B ukiwa hewani, kuna watu wanacheza nusu saa hawajaigundua hiyo.

Jambo la kuzoea ni kwamba magemu haya hayasamehe ukingoni. Gemu la kisasa kama Celeste la 2018 ukichelewa kidogo, mguu umeshatoka kwenye jukwaa, bado linakukubalia uruke. Ya zamani mengi hayana hiyo huruma. Kwa hiyo jizoeze kuruka hatua moja kabla ya pale moyo unapokuambia.

Ukitaka kuona jinsi waliotengeneza walivyokuwa wanakufundisha bila kusema neno, rudi steji 1-1 ya Super Mario Bros. uicheze polepole kama mtu ambaye hajawahi kuiona. Unasimama kushoto, kulia hakuna kitu, kwa hiyo unaenda kulia. Anakuja Goomba mmoja, yule adui mdogo wa kutembea, usiporuka umekufa na umepoteza sekunde tano tu, somo la kwanza hilo. Ukiruka kumkwepa karibu na yale matofali unagonga kiboksi cha alama ya kuuliza, uyoga unatoka unaelekea kulia, unagonga bomba, unarudi kwako. Unakuja kwako hata kama unauogopa! Na mara nyingi uko chini ya matofali kwa hiyo hata ukiruka kuukimbia bado unaweza kukugusa, unakua mkubwa, unaelewa kwamba uyoga ni mzuri. Yote hayo kwenye skrini moja na kidogo. Mimi hiyo sehemu nimeicheza miaka mingi bila kuiona, nimeiona nilipotulia.

Kama unaicheza ndani ya All-Stars kuna tofauti moja ya mkononi uijue. Kwenye la asili Mario akivunja tofali kwa kichwa anarudi chini, kwenye All-Stars anaendelea kupanda juu kupitia pale tofali lilipokuwa. Ni kitu kidogo ila kama mwili wako unakumbuka la zamani utashangaa kwa nini unatua kwa kuchelewa na adui yuko chini yako.

Sasa ile batani ya kurudisha nyuma. Mikusanyiko mingi ya saivi inayo, unashikilia na gemu linarudi sekunde kadhaa kama mkanda. Wapo wanaosema ni kudanganya usiiguse, wapo wanaoishikilia kila wakigongwa. Wa kwanza wanachoka wanaacha, wa pili wanamaliza gemu kwa siku moja wala hawakumbuki kitu, nimewahi kumaliza gemu zima hivyo na wiki iliyofuata sikuweza kupita hata bosi wa kwanza. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu na ndo naushika mpaka leo: nakufa mara tatu sehemu hiyohiyo bila kurudisha chochote. Baada ya kila kifo naitaja sababu kwa mdomo, kwa sauti kabisa, niliruka mapema, nilimuangalia adui wa juu badala ya wa chini, nilikimbilia ule uhai. Baada ya mara tatu narudisha nyuma mpaka sekunde chache kabla ya kosa, narudia hapo tu mpaka nivuke mara tano mfululizo. Alafu, na hapa ndo penyewe, najiua makusudi au narudi mwanzo wa kipande hicho na kukicheza chote bila msaada. Nikivuka ndo nimevuka.

Nikuonyeshe kwenye steji ya Heat Man, mmoja wa mabosi wa Mega Man 2. Kuna vile vitofali vinavyotokea na kupotea, kila kinapotokea kuna kamlio, na chini ukianguka umekwisha. Ukivikimbiza kwa macho utakufa mpaka asubuhi. Simama mahali salama usiruke kabisa, tazama mzunguko mzima mara mbili, maana mpangilio haubadiliki hata siku moja, alafu fumba macho usikilize mlio. Una mdundo wake. Ukishaupata, utagundua unaruka kuelekea hewa tupu, kitofali bado hakipo, kinakuja chini ya miguu yako wakati unatua. Hiyo hisia ya kuruka kwenye hewa tupu ukiwa na uhakika ndo inanirudisha kwenye gemu hili kila mwaka, na ukiipata kwa kurudisha nyuma kila kosa hutaisikia, kwa sababu hutakuwa na uhakika, utakuwa na bahati iliyorekebishwa.

Na kama kweli hutaki, gemu lenyewe lilikuachia mlango. Mpige bosi mwingine, Air Man, kwanza, unapewa Item-2, kile chombo kinachoruka mlalo, unakipanda unapita juu ya sehemu kubwa ya vile vitofali. Hivyo hivyo ile miale ya steji ya Quick Man inayoua kwa mguso mmoja, silaha unayopata kwa kumpiga Flash Man inasimamisha muda. Ndo maana nasema kabla hujabonyeza kurudisha nyuma jiulize kwanza kama gemu halijakupa dawa tayari. Kwenye Castlevania ile korido ya askari wa mashoka na vichwa vya Medusa kabla ya bosi Kifo, watu wengi wanaililia, lakini ukifika na maji matakatifu wale askari wanabanwa na moto hawasogei, na Kifo mwenyewe pia. Ujanja mzima ni kuyatunza hayo maji usiokote silaha nyingine njiani kwa bahati mbaya.

Kuhusu kusevu popote unapotaka, kuna siku nilisevu Mega Man akiwa tayari hewani juu ya shimo, uhai mmoja, na nilikuwa natumia nafasi moja tu ya kusevu. Kila nikifungua anaanguka. Kipande kizima cha jioni kilienda. Tangu siku hiyo nasevu nikiwa nimesimama chini, sina adui kwenye skrini, na natumia nafasi mbili nazipokezanisha. Usisevu katikati ya bosi pia, utajikuta umejifungia pambano ambalo damu imeshaisha.

Maisha yakikuishia na umerudishwa mwanzo usikimbilie kusevu kwa msaada, angalia kama kuna njia ya enzi hizo. Super Mario Bros. ya asili, ukipata gemu ova, kwenye skrini ya mwanzo shikilia A ubonyeze Start, unaanzia dunia (kundi la steji nne) uliyofia. Na ile njia ya siri ya 1-2, kupanda juu ya dari mwishoni ukayakuta mabomba ya dunia ya 2, 3 na 4, itumie ukiwa unafanya mazoezi ya dunia za mbele, ila mara ya kwanza pitia steji zote 32, maana dunia ya 8 inadai vitu ulivyofundishwa kwenye zile ulizoruka.

Kwenye Sonic Origins ukitaka ladha ya zamani chagua Classic, picha 4:3 na maisha ya kuhesabu. Anniversary ni skrini pana bila maisha, nzuri kwa kujifunza njia za juu za steji. Ukiingia Sonic 3 ukasikia muziki wa IceCap siyo ule unaoukumbuka, masikio yako ni mazima, nyimbo kadhaa zilibadilishwa humo. Inaniuma mpaka leo.

Muda wa kukaa nao, mimi dakika 40 zinanitosha, mikono ikichoka kuruka kunaharibika unaanza kujifunza makosa. Zima ukiwa umevuka kitu. Utashangaa kesho yake ile sehemu iliyokutesa inapita mkono wa kwanza, mwili unaimalizia usiku ukiwa umelala.

Ukimaliza Mega Man 2 kwa Normal usiende la 3 bado. Rudi kwenye menyu, chagua Difficult, na bosi wako wa kwanza awe Heat Man, kabla hujawa na Item-2, vile vitofali uvivuke kwa miguu.